Namba Iliyo Chini ya Mstari

Kila aliyefika kidato cha nne anaufahamu ule mfuko. Una gololi 5 nyekundu na 3 za bluu. Hakuna ajuaye ni wa nani, wala kwa nini mwenyewe huchopoa gololi huku amefumba macho, wala huzifanyia nini baadaye. Mwaka hadi mwaka mfuko hurudi kwenye karatasi ya mtihani, rangi zimebadilika, idadi imebadilika, na mtahiniwa anatakiwa aseme kuna uwezekano gani kwamba gololi mbili zitakazotolewa bila kurudishwa zitakuwa nyekundu zote. Aliyejiandaa huandika 5/8, akazidisha kwa 4/7, akapata 20/56, akarahisisha hadi 5/14, akapiga mistari miwili chini ya jibu na kufungua ukurasa unaofuata.

Mimi hupenda kumzuia hapo hapo. Kabla hujaondoka, humwambia, hiyo gololi ya pili, tukiisema peke yake, ina uwezekano gani wa kuwa nyekundu? Ya kwanza imeshatoka, imefichwa kiganjani, hakuna aliyeiona. Swali hilo huligawa darasa la tuisheni vipande vitatu. Wapo wa 4/7, wapo wa 5/7, na wapo wanaodai swali halijakamilika: "Mwalimu, inategemea ya kwanza ilikuwa rangi gani." Jibu ni 5/8, sawasawa kabisa na ya kwanza. Anayetaka kulihakikisha kwa kalamu ajumlishe njia mbili: nyekundu kisha nyekundu, ambayo ni 20/56, na bluu kisha nyekundu, 3/8 mara 5/7, yaani 15/56. Jumla ni 35/56, na hiyo ukiirahisisha ni 5/8. Lakini hata kalamu haihitajiki. Gololi zote nane zina haki sawa ya kuwa ya pili kutoka, kama zilivyokuwa na haki sawa ya kuwa ya kwanza, na tano kati ya nane hizo ni nyekundu. Basi.

Kuna swali la tatu, na hili ndilo huzua ubishi wa kweli. Safari hii gololi ya pili imewekwa mezani na wote tumeiona: ni nyekundu. Ya kwanza bado imefichwa. Ile iliyofichwa ina uwezekano gani wa kuwa nyekundu? Hapa hata wale hodari hung'ang'ania 5/8, na hoja yao si ya kitoto: jambo lililotokea baadaye halina uwezo wa kugeuza lililokwisha kutokea. Ni kweli halina. Gololi iliyomo kiganjani haijabadilika rangi hata kidogo. Kilichobadilika ni tunachokijua kuihusu. Ile iliyo mezani haiwezi kuwa ndiyo iliyofichwa, kwa hiyo iliyofichwa ni mojawapo ya saba nyingine, na nyekundu kati ya saba hizo ni nne. Jibu ni 4/7. Wanafunzi wengi hulikubali jibu hili kwa shingo upande, na mimi huwaheshimu zaidi hao kuliko wale wanaolikubali upesi.

Tangu shule ya msingi tumefundishwa kwamba sehemu ina kiasi juu ya mstari na asili chini yake. Mtu akikutana na swali la uwezekano, macho yake huenda juu. Anatafuta nyekundu ni ngapi, mara za kushinda ni ngapi, watakaofaulu ni wangapi. Ya chini anaichukulia kama fanicha iliyokuwamo chumbani kabla hajaingia. Kadiri ninavyoyakokotoa maswali haya, yale mepesi ya mwanzo kabisa wa somo, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba karibu taabu yote imo kwenye ile ya chini. Kati ya mangapi? Nani kayahesabu? Na yale yaliyoondolewa, yaliondolewa na nani, kwa kujua nini?

Wacheza kamari waliliona tatizo hili kabla ya maprofesa. Mwanzoni mwa karne ya 17 kulikuwa na dukuduku huko Italia kuhusu mchezo wa dadu tatu. Ukizirusha na kujumlisha, 9 yaweza kuundwa kwa namna sita: 1-2-6, 1-3-5, 1-4-4, 2-2-5, 2-3-4 na 3-3-3. Na 10 nayo ina namna sita. Kwa karatasi, basi, zilitakiwa kutokea sawa. Mezani 10 ilikuwa inakuja mara nyingi zaidi kidogo. Galileo Galilei, yule yule wa darubini, aliandika maelezo mafupi kulimaliza jambo hilo. Dadu hata zikifanana kama mapacha, bado ni tatu. Ile 1-2-6 yaweza kuja kwa njia sita, kutegemea dadu ipi imeonyesha nini. 1-4-4 kwa njia tatu. 3-3-3 kwa njia moja tu. Matokeo yote ni 6 mara 6 mara 6, yaani 216, na ukihesabu kwa subira utakuta 9 ina njia 25 na 10 ina 27. Tofauti ni 2 kati ya 216, haifiki asilimia moja. Mimi hustaajabia wale wacheza kamari kuliko ninavyomstaajabia Galileo. Kuigundua kwa macho matupu tofauti nyembamba namna hiyo kunataka dadu zirushwe maelfu ya mara. Walikuwa watu wenye nafasi.

Mwaka 1654 Wafaransa wawili, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, waliandikiana barua kuhusu swali lililokuwa limewasumbua watu kwa muda mrefu. Wachezaji wawili wameweka mezani pistole 32 kila mmoja, sarafu za wakati huo. Atakayetangulia kushinda raundi tatu atachukua zote 64. Mmoja ameshinda mbili, mwenzake moja, na mchezo unakatishwa. Fedha zigawanywe vipi? Ukiangalia nyuma, utagawa mbili kwa moja, kwa kuwa ndivyo walivyoshinda. Pascal aliangalia mbele. Kama wangecheza raundi moja zaidi, alisema, ama wa kwanza angechukua zote, ama wangekuwa wamelingana na kila mmoja angestahili 32. Basi 32 ni za wa kwanza, liwalo na liwe. Zinazogombaniwa ni 32 nyingine, na hizo wagawane nusu kwa nusu. Wa kwanza apate 48, wa pili 16.

Fermat alilifikia jibu lile lile kwa njia ya kuorodhesha. Mchezo ungekwisha ndani ya raundi mbili kwa vyovyote, na raundi mbili zina matokeo manne. Matatu kati ya hayo yanampa wa kwanza ushindi, moja linampa wa pili. Robo tatu ya 64 ni 48. Ni njia safi, fupi, na mtu yeyote mwenye akili timamu ataipinga. Kama wa kwanza akishinda raundi inayofuata, mchezo umekwisha pale pale. Hiyo raundi ya pili nani anaicheza? Tunahesabuje matokeo ya mchezo usiokuwapo?

Pingamizi la namna hiyo lilitolewa wakati ule ule na mwanahisabati Roberval wa Paris, na Pascal akamsimulia Fermat katika barua ya Agosti. Jibu la Pascal lilikuwa kwamba wachezaji hawapotezi chochote wakikubaliana kuendelea kucheza raundi zote hata baada ya mshindi kujulikana, kwa sababu zile za ziada hazimnyang'anyi mtu ushindi wake. Ungedhani jambo limekwisha. Miaka 100 baadaye, mwaka 1754, Jean le Rond d'Alembert, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa zama zake, aliandika kwenye ile Encyclopédie maarufu ya Ufaransa makala kuhusu kurusha sarafu. Tuiite shilingi, ile ya zamani ya Tanzania iliyokuwa na kichwa cha Nyerere upande mmoja na mwenge upande wa pili. Ukiirusha mara mbili, kuna uwezekano gani wa kupata kichwa angalau mara moja? Vitabu vilisema 3/4. D'Alembert akasema hapana: kichwa kikitokea mara ya kwanza umeshashinda, huna haja ya kurusha tena, kwa hiyo matokeo ni matatu tu, kichwa, mwenge kisha kichwa, mwenge kisha mwenge. Mawili kati ya matatu ni ushindi. Jibu lake likawa 2/3.

Ninapokutana na mwanafunzi aliyeandika 2/3 kwenye swali hili, huwa namwambia yuko pamoja na watu wazito. Orodha ya d'Alembert ni sahihi kabisa. Matokeo ni hayo matatu. Ila hayana uzito mmoja. Lile la kwanza peke yake limebeba nusu ya mara zote, na hayo mawili yanagawana nusu iliyobaki. Ile raundi isiyochezwa, iliyomkera Roberval, huongezwa kwa sababu moja tu, kuligawa lile tokeo kubwa vipande viwili ili vitu vyote vilivyo chini ya mstari viwe na uzito sawa na kuhesabu kuwe na maana. Asili ya sehemu inaruhusiwa kuwa na mambo ambayo hayatatokea kamwe. Kwangu mimi hiyo ni miongoni mwa fikra za ajabu zilizowahi kuingia katika hesabu ya kidato cha nne, na inapitishwa darasani kwa sentensi moja, kengele ya mapumziko inapokaribia kulia.

Sekondari zetu Tanzania hufundisha hisabati kwa Kiingereza. Mtoto aliyejifunza kugawanya kwa Kiswahili hadi darasa la saba huupokea ule mfuko wa gololi katika lugha ambayo bado anaipapasa. Nimeona vijana wengi wanaozidisha sehemu bila kasoro wakikosa swali kwa sababu neno moja dogo, lile la "angalau", au "bila kurudisha", au "ikiwa imejulikana kwamba", liliwapita. Katika swali la eneo la mstatili waweza kuruka nusu ya maneno na bado ukapata. Hapa kila neno ni namba. Wanaotunga mitihani wanalijua hilo. Sina hakika kama wanaopanga lugha ya kufundishia wanalijua.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa jinsi neno moja linavyobadilisha asili ulizuka Marekani. Kulikuwa na kipindi cha televisheni, Let's Make a Deal, kilichoongozwa na Monty Hall. Swali lililopewa jina lake ni hili. Kuna milango mitatu. Nyuma ya mmoja lipo gari, nyuma ya miwili wapo mbuzi. Unachagua mlango. Mwongoza kipindi, ambaye anajua gari liko wapi, anafungua mmoja wa milango uliyoiacha na kukuonyesha mbuzi. Sasa anakuuliza: unabaki na mlango wako, au unahamia ule mwingine uliofungwa? (Anayetunga swali anachukulia kwamba hakuna anayemtaka mbuzi. Huku kwetu lingeandikwa upya.) Septemba 1990 Marilyn vos Savant, aliyekuwa na safu kwenye jarida la Parade, alijibu kwamba kuhama ni bora, uwezekano wa kushinda unakuwa 2/3. Alipokea barua takriban 10,000, karibu 1,000 kati yake kutoka kwa wenye shahada za uzamivu, nyingi zikimwambia amechemsha. Milango imebaki miwili, walisema, kwa hiyo ni nusu kwa nusu.

Yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Ulipochagua mara ya kwanza ulikuwa na 1/3 ya kulipata gari na 2/3 ya kulikosa. Ukiwa umelikosa, mwongozaji hana uhuru: amebakiwa na mlango mmoja tu anaoweza kuufungua bila kuliumbua gari, na kwa kuufungua anakuonyesha kimyakimya gari lilipo. Basi katika theluthi mbili za mara zote, anayehama anashinda. Ila angalia neno "anajua". Tuseme mwongozaji hajui lolote, anafungua mlango kwa kubahatisha, na ikatokea tu kwamba nyuma yake kuna mbuzi. Unachokiona mbele yako ni kile kile: mlango wako, mlango mwingine, mbuzi katikati. Jibu sasa kweli ni nusu kwa nusu, kwa kuwa zile mara ambazo angelifungulia gari kwa bahati mbaya zimechujwa na kutolewa kwenye hesabu, na asili imepungua. Waliomwandikia kwa hasira walikuwa wakijibu swali jingine bila kujua. Huwezi kulikokotoa tukio kabla hujajua aliyekuonyesha alikuwa na habari gani, na alikuwa na hiari gani ya kukuonyesha kingine.

Hospitali ni mahali ambapo kosa hili lina bei. Mwaka 1978 New England Journal of Medicine ilichapisha matokeo ya swali fupi waliloulizwa watu 60 katika hospitali za kufundishia za Harvard: madaktari waliobobea, madaktari vijana na wanafunzi wa mwaka wa nne. Ugonjwa unampata mtu 1 kati ya 1,000. Kipimo kinawasingizia asilimia 5 ya watu wasio nao. Mtu amepimwa, kipimo kimesema anao, na hujui kingine chochote kumhusu. Kuna uwezekano gani kwamba kweli anao? Jibu lililotolewa na wengi zaidi lilikuwa asilimia 95. Waliopata ni 11.

Weka watu 1,000 uwanjani. Mgonjwa ni mmoja, na tuchukulie kipimo kinamnasa. Kati ya 999 waliobaki, asilimia 5 ni kama 50, nao wananaswa bure. Walioambiwa wanao ni 51, mwenye nao kweli ni 1. Hiyo ni karibu asilimia 2. Hakuna hesabu ngumu hapa. Mtoto wa darasa la sita angeifanya akipewa uwanja badala ya asilimia. Waliosema 95 walikuwa wamehesabu kati ya wazima, ilhali mtu aliyeketi mbele yao, karatasi ya majibu mkononi, anaulizia kati ya walioambiwa wanao. Ndiyo maana katika upimaji wa VVU mtu hathibitishwi kuwa na virusi kwa kipimo kimoja. Hurudiwa kwa kipimo cha aina nyingine. Cha pili hakianzi tena na watu 1,000. Kinaanza na wale 51, ambao miongoni mwao ugonjwa si wa nadra tena. Na kinakuwa cha aina nyingine ili makosa ya kile cha kwanza yasijirudie kwa watu wale wale.

Takwimu, ile nusu ya pili ya somo, watu huiogopa kidogo kuliko uwezekano kwa sababu inaanza na wastani, na wastani kila mtu anaujua. Au anadhani anaujua. Chukua daladala iliyopiga safari mbili, moja na abiria 30, nyingine na abiria 6. Mwenye gari anasema biashara mbaya, wastani ni abiria 18 kwa safari. Waulize abiria wenyewe mmoja mmoja, gari lilikuwa na watu wangapi? Thelathini watajibu 30, sita watajibu 6, na wastani wa majibu yao ni 26. Hakuna aliyedanganya. Mwenye gari amegawanya kwa safari, abiria wamegawanya kwa abiria, na safari iliyojaa ina mashahidi wengi kuliko iliyokwenda tupu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Tanzania watu 61,741,120, na wastani wa kaya ukatajwa kuwa watu 4.3. Mwalimu akiwauliza wanafunzi wake nyumbani kwao wanaishi wangapi, yatarajiwa apate namba kubwa kuliko hiyo, na asiharakishe kuishuku sensa. Kaya ya watu tisa inaweza kuwa na watoto wanne shuleni, kila mmoja akiitaja. Kaya ya bibi anayeishi peke yake haina mtoto wa kunyoosha mkono.

Halafu inakuja ile kanuni ya mtawanyiko ambayo kila mwanafunzi mdadisi huiulizia na aghalabu hujibiwa kwamba ndivyo ilivyo: kwa nini ukiwa na sampuli unagawanya kwa idadi pungufu ya moja? Chukua 4, 7 na 10. Wastani ni 7, na umbali wa kila moja kutoka hapo ni 3 kwenda chini, 0, na 3 kwenda juu. Umbali huo ukijumlishwa na alama zake lazima ufute mpaka sifuri. Ukiambiwa miwili, wa tatu unaujua bila kuambiwa. Kwa hiyo habari huru zilizomo ni mbili, ingawa namba ni tatu. Zaidi ya hayo, wastani wa sampuli hukaa katikati ya sampuli yenyewe, karibu nayo kuliko ulivyo wastani wa kweli tusioujua, hivyo umbali tunaoupima huwa mdogo kupita kiasi. Kugawanya kwa 2 badala ya 3 kunaufidia upungufu huo.

Nimekuwa nikisema maswali haya ni ya darasani, lakini darasa kubwa la uwezekano katika miji yetu siku hizi lipo kwenye viti vya vinyozi. Pale kila kijana ana mkeka wa kubeti mechi. Nilimsikia mmoja akimweleza fundi huku ananyolewa: "Kaka, hizi mechi kumi zote ni za uhakika." Nikamuuliza kila moja anaipa uhakika wa kiasi gani. Alifikiri, akasema asilimia 70, tena kwa tahadhari. Nikampa simu azidishe mwenyewe 0.7 kwa 0.7 mpaka zitimie kumi. Ilisoma 0.028. Mikeka 100 ya namna hiyo, kwa wastani isiyozidi mitatu ndiyo itafika salama, na hapo tumekubali kwamba mechi haziathiriani na kwamba 70 yake ni ya kweli. Haba na haba hapa haijazi kibaba. Kila haba inamwaga iliyotangulia.

Lakini hilo bado ni la juu ya mstari. La chini limefichwa kwenye odi zenyewe, zile namba ambazo dau lako huzidishwa kwazo ukishinda. Tuseme mechi imepewa 1.80 kwa wenyeji kushinda, 3.40 kwa sare, 4.50 kwa wageni. Gawanya 1 kwa kila odi: utapata asilimia 55.6, 29.4 na 22.2. Jumlisha. Ni 107.2. Katika mchezo wa haki matokeo yote yakijumlishwa huwa 100 kamili, zile 7.2 za ziada ni ushuru wa kampuni, umeshakatwa kabla mpira haujawekwa katikati. Kwenye mechi moja unarudishiwa kwa wastani kama shilingi 933 kwa kila 1,000. Ziunganishe mechi kumi za aina hiyo kwenye mkeka mmoja na ushuru unakatwa mara kumi mfululizo, hadi unarudishiwa kwa wastani kama shilingi 500 tu. Mkeka mrefu unaahidi mamilioni na ndio unaomlipa mwenye duka vizuri kuliko yote. Kijana alisikiliza kwa adabu, akasema, "Mzee, umesema kweli, lakini wiki iliyopita kuna jamaa alipiga." Bila shaka alipiga. Kati ya wangapi, hakuna aliyejua, kwa sababu mikeka iliyochanika haina anayeisimulia.

Namna pekee ninayoijua ya kumzoesha mtu kuiuliza namba ya chini ni kumpa swali dogo analoweza kulishika kwa mikono. Kama una kijana nyumbani anayejiandaa na mtihani, au rafiki anayependa kubeti, mpe hili. Kateni kadi tatu za karatasi ngumu. Moja ipakwe nyekundu pande zote mbili, moja iachwe nyeupe pande zote mbili, ya tatu ipakwe nyekundu upande mmoja tu. Zitieni kwenye kofia, toeni moja bila kuangalia, ilazeni mezani. Tuseme upande unaoonekana ni mwekundu. Kuna uwezekano gani kwamba na wa chini ni mwekundu? Atakuambia kadi nyeupe imeshaondoka, zimebaki mbili, kwa hiyo ni nusu. Mwambie ahesabu pande, asihesabu kadi. Akikataa, toeni kadi mara 100 na muandike kila safari. Jibu si nusu.